Fadhila Hujengwa Siku kwa Siku



Ninyi mnaoishi Voi, Mwatate au Wundanyi mmezoea kuuona Mlima Kasigau. Mnamo Oktoba 1847 kijana Mjerumani wa miaka 27, Johannes Rebmann, aliufikia kwa miguu akitokea Rabai. Mwaka uliofuata alipita tena Utaita hadi Bura, na tarehe 11 Mei 1848 akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari, Bwana Kheri, aliuita baridi tu. Rebmann alitambua kuwa ni theluji.

Habari hiyo ilipofika Ulaya, William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kufika huku, aliikataa katakata. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya wasafiri wengine kuthibitisha. Je, wewe ukisema kweli nyumbani na mwenzako asikuamini, unaweza kungoja hata wiki moja bila kununa?

Lakini safari si jambo kubwa katika maisha ya mtu huyu. Jambo kubwa ni miaka iliyofuata. Mwaka 1851 alimwoa Emma Tyler, Mwingereza, wakafunga ndoa huko Misri na kurudi kuishi karibu na Rabai. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga. Waliopokea Injili walikuwa wachache mno. Hata hivyo Rebmann aliketi siku baada ya siku na wenyeji, akiuliza neno moja, kisha lingine, na kuliandika. Kwa Salimini, mtu wa Nyasa aliyeletwa Mombasa utumwani, alijifunza lugha ya kwao. Hivyo ndivyo zilivyokua kamusi zake.

Hakuwa malaika. Alitofautiana na mwenzake, Ludwig Krapf, juu ya namna ya kufanya utume. Lakini kamusi ya Kinyasa ilipochapwa mwaka 1877, aliyeitayarisha kwa uchapaji ni Krapf huyo huyo. Kumbe watu wanaweza kutofautiana na bado wakatunziana kazi.

Emma alifariki mwaka 1866. Mjane huyu alibaki miaka tisa mingine, macho yakififia hadi akapofuka. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kuiona nchi yake, alirudi Ujerumani akiongozwa na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Alifariki Oktoba 1876.

Rebmann hakuwa Mkatoliki, lakini somo lake ni letu sote. Uvumilivu na uaminifu havishuki siku ya harusi pamoja na pete. Neema ya sakramenti tunapewa bure, ila inataka mikono ya kuitumia kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi, mume unayefanya kazi Mombasa na mke uliyebaki Taita, msingoje sikukuu ili mpendane. Anzeni na mambo matatu madogo:

1. Salini pamoja kabla ya kulala, hata Baba Yetu moja. Mkiwa mbali, kubalianeni saa moja ya kusali.

2. Kila siku mwulize mwenzako jambo moja kuhusu siku yake, kisha nyamaza umsikilize.

3. Mkikoseana, ombaneni msamaha kabla jua halijatua.

Matunda yakichelewa, msikate tamaa. Rebmann hakuiona kamusi hiyo ikichapwa.