Upendranath Brahmachari: Tabibu wa Homa Nyeusi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Waama, yapo maradhi mengine ambayo hayahitaji kufichwa na mgonjwa, kwani hujificha yenyewe. Huvaa sura ya ugonjwa mwingine hata tabibu akadanganyika, akatoa dawa isiyofaa, na mgonjwa akafa ilhali kila mtu akidhani ametibiwa. Mojawapo ya maradhi hayo ni kala-azar. Jina hili limeundwa kwa maneno mawili yanayotumika Bara Hindi: kala, yaani -eusi, na azar, neno lenye asili ya Kiajemi linalomaanisha maradhi. Ugonjwa uliitwa hivyo kwa kuwa ngozi ya aliyeugua ilizidi kuwa nyeusi kadiri homa ilivyomdhoofisha.

Makala haya yanasimulia maisha ya Upendranath Brahmachari (1873–1946), tabibu wa Bengal anayekumbukwa kwa dawa aliyoiunda ya kuutibu ugonjwa huo. Sifa hiyo ni haki yake. Hata hivyo, atakayeyachunguza maisha yake kwa makini atabaini kwamba dawa hiyo ilikuwa tunda la kazi nyingine iliyomchukua miaka mingi zaidi, nayo ni kazi ya kuitenga homa moja na nyingine.

Malezi na Elimu

Brahmachari alizaliwa tarehe 19 Desemba 1873 mjini Jamalpur, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Bihar. Babake, Nilmony Brahmachari, alikuwa daktari wa shirika la reli, na Jamalpur wenyewe ulikuwa mji wa karakana za treni. Baada ya masomo ya shuleni alijiunga na Chuo cha Hooghly Mohsin, akapata shahada ya kwanza mwaka wa 1893. Mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamili katika kemia kutoka Chuo cha Presidency mjini Calcutta, jiji ambalo tangu 2001 linaitwa Kolkata.

Aliyekuwa mwanakemia akageukia utabibu. Mnamo 1900 alihitimu shahada ya udaktari akiwa wa kwanza katika tiba na upasuaji, na mwaka wa 1902 akapata shahada ya juu zaidi katika taaluma hiyo. Hakutosheka. Mwaka wa 1904 Chuo Kikuu cha Calcutta kilimtunuku shahada ya uzamifu kwa utafiti kuhusu jinsi chembechembe nyekundu za damu zinavyopasuka na kuharibika. Kwa hivyo, kabla hajatimiza umri wa miaka thelathini na mmoja, alikuwa amekusanya elimu tatu ambazo nadra kukutana kwa mtu mmoja: kemia, utabibu wa wodini na sayansi ya damu. Zote tatu zilikuja kumfaa.

Baada ya kufundisha kwa miaka michache katika shule ya utabibu ya Dhaka, alihamishiwa Calcutta mwaka wa 1905 akawa mwalimu na tabibu katika Shule ya Utabibu ya Campbell, ambayo siku hizi ni Chuo cha Utabibu cha Nil Ratan Sircar. Hapo ndipo alipotumikia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi.

Ugonjwa Uliowababaisha Wataalamu

Ili kuuelewa uzito wa kazi yake, yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa. Katika miongo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa kala-azar ilikuwa ikipanda bonde la mto Brahmaputra huko Assam, ikihama kutoka wilaya moja hadi nyingine. Katika wilaya ya Nowgong peke yake, idadi ya watu ilipungua kwa takribani robo kati ya sensa ya 1891 na ile ya 1901. Mgonjwa alishikwa na homa isiyokoma, akakonda viungo huku tumbo likijaa kwa sababu ya wengu na ini kuvimba. Damu ilipungua. Wasiotibiwa walikufa karibu wote.

Serikali ya kikoloni ilituma wataalamu, nao wakatofautiana. Mwaka wa 1890 Giles aliripoti kwamba chanzo kilikuwa minyoo ya safura. Rogers aliyefuata mwaka wa 1897 akakata kauli kwamba hiyo ilikuwa malaria kali. Hata Ronald Ross, aliyekuwa ametoka kuthibitisha kwamba mbu hubeba vimelea vya malaria, aliegemea rai hiyo hiyo ya malaria. Kosa hilo halikuwa la vitabuni tu. Aliyeitwa mgonjwa wa malaria alipewa kwinini, na kwinini haiiwezi kala-azar katu.

Fumbo lilifumbuliwa mwaka wa 1903. William Leishman alitangaza vimelea alivyokuwa amevikuta katika wengu wa askari aliyerudi Uingereza kutoka kambi ya Dum Dum, karibu na Calcutta, akafariki. Muda mfupi baadaye Charles Donovan aliviona vimelea hivyo hivyo kwa wagonjwa wa Madras. Kutokana na majina ya wawili hao, kimelea kikaitwa Leishmania donovani.

Tatizo halikuishia hapo. Njia ya hakika ya kuviona vimelea ilikuwa kudunga sindano ndani ya wengu na kutazama majimaji yake kwa hadubini, na wengu uliovimba ukitoboka vibaya mgonjwa huvuja damu ndani kwa ndani hadi kufa. Aidha, hospitali nyingi za mashambani hazikuwa na hadubini wala mtu wa kuitumia. Brahmachari alitafuta njia nyepesi. Alifahamu kwamba damu ya mwenye kala-azar huwa na ziada kubwa ya protini ziitwazo globulini, ambazo haziyeyuki katika maji matupu. Akabuni kipimo rahisi: maji safi yaliyokenekwa yalimiminwa polepole juu ya majimaji ya damu ndani ya kineli cha kioo, na mahali yalipokutana pakatokea pete nyeupe iwapo mtu alikuwa na ugonjwa huo. Baadaye, Napier wa Shule ya Tiba ya Tropiki ya Calcutta alieneza kipimo kingine kilichotumia tone la formalini, ambacho kiligandisha majimaji ya damu yakawa meupe mfano wa ute wa yai lililochemshwa. Vipimo vyote viwili vilitegemea globulini, na vyote vilikuwa na dosari moja: havikuonyesha ugonjwa vizuri ulipokuwa bado mchanga.

Isitoshe, Brahmachari aliyarudia maandishi ya zamani. Katika karne iliyotangulia homa iliyojulikana kwa jina la Burdwan ilikuwa imeangamiza watu wengi wa Bengal ya kusini, na ikahesabiwa kuwa malaria. Baada ya kulinganisha dalili zilizoandikwa na zile alizoziona kwa wagonjwa wake, alihoji kwamba kala-azar nayo ilikuwemo katika janga hilo.

Chumba Kisicho na Umeme

Kuutambua ugonjwa usio na tiba ni nusu ya safari. Mnamo 1915 matabibu wa Sisili, na Rogers nchini India, walionyesha kwamba chumvi ya madini ya antimoni iliyodungwa mishipani ingeweza kuua vimelea vya kala-azar. Habari hiyo ilileta matumaini, lakini dawa yenyewe ilikuwa kali. Ilisababisha kikohozi, matapishi na udhaifu wa moyo, tena sindano ziliendelea kwa miezi. Wagonjwa wengi walikimbia kabla ya kumaliza, na wengine walikufa kwa sumu ya dawa.

Brahmachari aliamua kutafuta antimoni ambayo ingemwangamiza mdudu bila kumwangamiza mwenyeji wake. Mwisho wa 1919 alipata msaada wa fedha wa shirika la utafiti wa tiba la India, naye akaanza kazi katika chumba kidogo cha Hospitali ya Campbell. Chumba hicho hakikuwa na umeme, wala bomba la maji, wala gesi ya kuchemshia. Usiku ulipoingia, taa ya mafuta ndiyo iliyomulika vyombo vyake. Mchana alikuwa na wodi za kuzungukia na wanafunzi wa kufundisha.

Alijaribu antimoni ya namna moja baada ya nyingine, akahamia kwenye misombo ambamo madini hayo yamefungamana na kaboni. Mmojawapo ulifaa, ila haukukaa vizuri katika maji. Hapo mwanakemia wa zamani aliamka ndani ya tabibu, akauunganisha na yurea. Alichopata kiliyeyuka majini, kikadungika mishipani, na kikavumiliwa na miili iliyodhoofika. Akakiita yurea stibamini. Mnamo 1922 alichapisha matokeo ya kwanza ya matibabu hayo. Wagonjwa waliohitaji miezi sasa walipona kwa wiki chache.

Waliodhaniwa Wamepona

Mwaka huo huo wa 1922 Brahmachari alitangaza jambo jingine ambalo halisifiwi sana, ingawa huenda ndilo linalomdhihirisha zaidi. Baadhi ya watu waliokuwa wametibiwa kala-azar kwa dawa za awali walirudi hospitalini wakiwa hawana homa, wengu wao haukuvimba, na nguvu zao zilikuwa zimerejea. Walikuwa na madoa na vinundu kwenye ngozi. Kwa macho matupu hali hiyo hufanana na ukoma, na mtu aliyepewa jina la mkoma katika zama hizo alitengwa na jamii yake.

Tabibu mwingine angewaandika katika daftari la waliopona kisha akawatuma kwa mtaalamu wa ngozi. Brahmachari alichukua majimaji kutoka katika vinundu vile, akayatazama kwa hadubini, na kuvikuta vimelea vya kala-azar. Ugonjwa ulikuwa umetoka katika viungo vya ndani ukajificha ngozini. Baadaye ilikuja kueleweka kwamba watu wa aina hiyo, kwa kuwa wanaishi na vimelea juu ya miili yao bila kulala kitandani, wanaweza kuwa hazina ya maambukizi mapya kijijini. Uambukizaji wenyewe ulithibitishwa mnamo 1942, miaka ishirini baadaye, pale Swaminath, Shortt na Anderson walipoonyesha huko Assam kwamba mdudu mdogo aitwaye usubi ndiye anayevibeba vimelea hivyo kutoka kwa mtu hadi kwa mtu.

Heshima na Ubishi

Yurea stibamini ilitumika kwa mapana Assam na Bengal katika miaka ya 1920 na 1930, na vifo vikashuka sana. Brahmachari alianzisha taasisi yake ya utafiti Calcutta mwaka wa 1924, na mwaka wa 1928 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu kala-azar. Alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1929, lakini tuzo hiyo iliwaendea Eijkman na Hopkins kwa uchunguzi wao kuhusu vitamini. Mwaka wa 1934 alipewa cheo cha Sir, na mwaka wa 1936 akawa rais wa Kongamano la Sayansi la India.

Haingekuwa haki kusema kwamba kazi yake haikupingwa. Wanakemia walibishana kwa miaka kuhusu muundo halisi wa yurea stibamini. Nazo maabara za Ujerumani zilikuwa zikiunda dawa za antimoni zilizoshindana nayo. Ubishi huo haukubadilisha jambo moja, kwamba dawa iliyotengenezwa na mtaalamu wa nchi iliyotawaliwa, katika chumba kisicho na bomba la maji, ilifika vijijini na kuwaponya watu. Brahmachari alifariki tarehe 6 Februari 1946, mwaka mmoja na nusu kabla ya India kupata uhuru.

Hitimisho

Dawa ya yurea stibamini haitumiki tena, ila kizazi chake hakijakatika. Antimoni ya aina ile ile aliyoichagua Brahmachari imo katika sindano ambazo wagonjwa wa kala-azar wamedungwa nchini Kenya kwa miongo kadhaa: Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit, Wajir na Kitui, ambako usubi hukaa katika vichuguu vya mchwa. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba Afrika Mashariki dawa hiyo iambatanishwe na paromomisini kwa siku 17. Bangladesh, nchi ambayo Dhaka ndio mji wake mkuu, ilithibitishwa mnamo 2023 kuwa ya kwanza duniani kuutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya umma.

Lakini katika nyanda kame za Kenya homa ndefu bado huitwa malaria kwanza, na mtoto hupewa dawa ya malaria mara ya kwanza, ya pili na ya tatu kabla wengu wake haujapapaswa. Vipimo vya haraka vya siku hizi, vinavyotumia tone la damu, navyo vimekuwa hafifu zaidi Afrika Mashariki kuliko Bara Hindi, hivyo jibu la hapana halimwondolei mgonjwa shaka. Swali alilojiuliza Brahmachari mbele ya kila kitanda huko Campbell, kwamba homa hii ni ipi hasa, bado linasubiri kuulizwa katika zahanati hizo kabla ya dawa kutolewa.