Auer von Welsbach, mkemia aliyeipa karabai mwanga

Kabla ya taa za sola kuenea, wavuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu, wakiwamo wa Cyangugu, walivutia samaki usiku kwa karabai. Mwanga wake mweupe ni kazi ya Carl Auer von Welsbach, mkemia aliyezaliwa Vienna, Austria, mwaka 1858.

Alisoma kwa Profesa Robert Bunsen mjini Heidelberg, Ujerumani. Mwaka 1885 alitenganisha metali mbili mpya, praseodimiamu na neodimiamu. Mwaka huohuo alibuni kifuko cha kitambaa kilicholoweshwa chumvi za metali adimu. Kitambaa kikiungua, hubaki jivu linalong'aa ndani ya moto.

Vifuko vya kwanza vilitoa mwanga wa kijani na kuvunjika upesi. Wateja wakavikataa, na mwaka 1889 kiwanda kikafungwa. Auer hakukata tamaa. Mwaka 1891 alirudi na kifuko chenye oksidi ya thoriamu asilimia 99 na ya seriamu asilimia 1 tu. Kiasi hicho kidogo ndicho kilicholeta mwanga mkali, na kifuko kikaenea duniani.

Alifariki Agosti 1929. Neodimiamu aliyoigundua leo hutoa mwanga wa leza viwandani na hospitalini.