Erlang: Mwalimu aliyepigia foleni hesabu kabla ya kompyuta kuzaliwa

UMEWAHI kupiga simu ukaambiwa usubiri kwa sababu wahudumu wote wana shughuli? Kabla hujasonya, hebu mfahamu Agner Krarup Erlang, mwalimu wa Denmark aliyeonyesha kuwa hata foleni ina hesabu yake.

Erlang alizaliwa Januari 1, 1878, katika kijiji cha Lønborg, ambako babake alikuwa mwalimu. Akiwa na miaka 14 tu alipita mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, kisha akafundisha kwa muda katika shule ya babake. Mwaka wa 1901 alihitimu shahada ya hisabati. Hakuna ofisi ya kifahari iliyomngoja. Kwa takriban miaka saba alishika chaki katika shule mbalimbali.

Bahati ilimjia katika chama cha wanahisabati. Huko alikutana na Johan Jensen, mhandisi mkuu wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, na mwaka wa 1908 akaajiriwa.

Enzi hizo, opereta ndiye aliyeunganisha simu kwa mkono. Laini zikiwa chache, wateja wanateta. Zikiwa nyingi mno, pesa zinalala bure. Sasa ngapi zinatosha, na hakuna ajuaye nani atapiga saa ngapi?

Mwaka wa 1909, Erlang alionyesha kuwa simu zinazoingia ovyo ovyo hufuata mkondo unaoweza kukadiriwa. Mwaka wa 1917 akatoa kanuni za kukadiria ni wateja wangapi watakosa laini, na wengine watasubiri kwa muda gani. Posta ya Uingereza nayo ikaanza kuzitumia.

Hakuwa mtu wa kukaa kwenye kiti tu. Alionekana katika barabara za Copenhagen akifuatwa na mfanyakazi aliyebeba ngazi, ili ashuke mashimoni kupima nyaya. Hakuoa, na wenye shida walikuwa wakimwendea awasaidie. Alifariki Februari 3, 1929, akiwa na miaka 51. Mwaka wa 1946 kipimo cha wingi wa simu kikapewa jina lake. Lugha ya programu inayoendesha seva za WhatsApp pia inaitwa Erlang.

Leo mahali pa opereta pana maelfu ya seva zinazogawana kazi. Wataalamu wanafunza akili unde kuamua kazi ipi iende kwa mashine ipi. Inajaribu, inakosea, inapata alama kazi ikiisha mapema na kupoteza ikichelewa, hadi izoee.

Lakini kuna ukuta ambao haiwezi kuuruka. Chukua seva moja inayopokea kazi bila mpangilio. Ikiwa na shughuli nusu ya muda, hesabu ya kawaida ya foleni inasema itakuwa na kazi 1 kwa wastani. Ikifika asilimia 90, zinakuwa 9. Akili unde inaweza kupanga foleni vizuri zaidi, ila haiwezi kuunda nafasi ambayo haipo.

Kwa hivyo wewe kijana unayesomea tarakilishi, mfumo ukilemewa usikimbilie kununua programu erevu. Kwanza fanya alivyofanya mwalimu huyu: hesabu kazi zinazoingia, pima kila moja inachukua muda gani, ndipo uamue.