Edgar F. Codd

Edgar Frank Codd (19 Agosti 1923 – 18 Aprili 2003) alikuwa mwanahisabati na mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uingereza aliyefanya kazi zaidi nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni modeli ya kimahusiano, ambayo ni msingi wa hifadhidata nyingi zinazotumika leo katika benki, hospitali, shule na ofisi za serikali.

Maisha

Codd alizaliwa katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza. Alisoma hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa rubani katika jeshi la anga la Uingereza. Mwaka 1948 alihamia New York akaajiriwa na kampuni ya IBM. Mwaka 1953 alikwenda Kanada, akichukizwa na kampeni ya seneta Joseph McCarthy ya kuwasaka walioshukiwa kuwa wakomunisti. Baadaye alirudi Marekani, na mwaka 1965 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan.

Modeli ya kimahusiano

Kabla ya Codd, programu ililazimika kujua mahali data ilipowekwa na njia ya kuifikia. Mpangilio ulipobadilika, programu nayo iliandikwa upya. Mwaka 1970, akiwa katika maabara ya IBM mjini San Jose, alichapisha makala iliyopendekeza data ipangwe kwa namna ya majedwali, na mtumiaji aeleze anachotaka tu. IBM haikufanya haraka kuuza wazo hilo, kwa kuwa ilikuwa ikipata fedha kutokana na mfumo wake wa zamani, IMS. Watafiti wake walitunga lugha ya SQL, lakini kampuni iliyokuja kuitwa Oracle iliitangulia sokoni mwaka 1979.

Data ya msingi na ya kukokotolewa

Makala ya 1970 ilijadili pia data inayoweza kupatikana kutokana na data nyingine. Kwa mfano, AMCOS ya wakulima wa pamba wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, inaweza kuwa na jedwali lenye safuwima za kilo, bei na malipo. Malipo hayaandikwi na karani. Hifadhidata huyakokotoa kwa kuzidisha kilo kwa bei. Kama safuwima ya kilo inapokea namba kamili tu, kilo 62.4 zitabaki 62. Tuseme bei ni shilingi 1,200: mkulima atapata 74,400 badala ya 74,880.

Dawa ni kubadili aina ya data iwe desimali. Hata hivyo, PostgreSQL na SQL Server hazikubali safuwima ya kilo ibadilishwe huku malipo yakiitegemea. Malipo huondolewa kwanza, kilo hubadilishwa, kisha malipo huundwa upya kwa fomula ileile. Hapo hakuna kinachopotea, kwani malipo hukokotolewa tena. Lakini gramu zilizoachwa hazirudi zenyewe. Lazima zitafutwe kwenye stakabadhi za mizani.

Tuzo na miaka ya mwisho

Mwaka 1981 Codd alipewa Tuzo ya Turing. Mwaka 1985 alitoa kanuni 12 za kupima mifumo iliyodai kufuata modeli yake. Alifariki nyumbani kwake Florida akiwa na umri wa miaka 79.