Mwalimu Nyerere na Usemi wa Taarifa

Mwaka 1934, mtoto wa Kizanaki aliyeitwa Kambarage alitoka Butiama kwenda kusoma Mwisenge, Musoma, umbali wa kilomita 40 hivi. Alikuwa na umri wa miaka 12. Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito, na mama yake Mugaya. Nyumbani alizungumza Kizanaki; shuleni alikutana na Kiswahili, kisha Kiingereza. Tangu wakati huo, mengi aliyoyasikia katika lugha moja alilazimika kuyasema upya katika nyingine. Kazi hiyo haijawaisha watoto wa Mara. Mwanafunzi wa Musoma, Bunda au Butiama huja shuleni na Kijita, Kiikizu au Kizanaki, akafundishwa kwa Kiswahili, kisha siku moja akatakiwa kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa kwa Kiingereza.

Kambarage alifaulu vizuri, akajiunga na shule ya Tabora mwaka 1937. Mwaka 1943 alibatizwa kwa jina la Julius, na mwaka huohuo akaingia Makerere kusomea ualimu. Alifundisha Tabora katika Shule ya Mtakatifu Maria, akasoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, kisha akafundisha Pugu. Jina la Mwalimu, ambalo taifa zima lilimwita baadaye, lilianzia darasani.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU iliundwa, naye akawa rais wake. Machi 1955 alifika New York na kuzungumza kwa Kiingereza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Alitaka itamkwe wazi kwamba, ingawa Tanganyika ina wakazi wa asili mbalimbali, serikali yake ya baadaye itakuwa hasa ya Waafrika.

Dai hilo linaonyesha vizuri mahali ambapo sarufi ya Kiingereza na ya Kiswahili huachana. Katika lugha zote mbili, anayeripoti hubadili nafsi: mimi huwa yeye, na sisi huwa wao. Hubadili pia maneno ya mahali na wakati: hapa huwa pale, na kesho huwa siku iliyofuata. Lakini kitenzi cha kuripoti kikiwa katika wakati uliopita, Kiingereza kwa kawaida hurudisha nyuma pia njeo ya kishazi kinachofuata, hata will ikawa would. Kiswahili hakilazimiki kufanya hivyo. Njeo ya kishazi hicho huweza kupimwa kuanzia pale aliposimama msemaji wa kwanza.

Kwa hiyo, mtafsiri anayefuata Kiingereza neno kwa neno ataandika kwamba Nyerere alisema serikali hiyo ingekuwa ya Waafrika. Msomaji wa Kiswahili huenda akauliza: ingekuwa, kama nini kingetokea? Kiambishi -nge- kinaweza kuingiza sharti ambalo msemaji hakuliweka. Vivyo hivyo, akiandika kwamba Tanganyika ilikuwa na wakazi wa asili mbalimbali, huenda akaeleweka kwamba wakazi hao walikwisha kuondoka. Alisema itakuwa, alisema ina. Herufi chache zinatenganisha dai la uhuru na ndoto yenye masharti. Na mwanafunzi wa Kiingereza akipeleka itakuwa ya Kiswahili moja kwa moja katika sentensi yake, atakuta mwalimu ameikata kwa wino mwekundu.

Mwaka huohuo wa 1955 Nyerere aliacha kazi Pugu ili aendelee na siasa. Aliporudi nyumbani, kwa muda alimfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll na kusaidia kutafsiri maandiko ya dini kwa lugha hiyo.

Tarehe 22 Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, alisema kwa Kiingereza kwamba Watanganyika wangependa kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yao. Kauli hiyo ilipokaa katika Kiswahili, mshumaa ulikuwa mwenge. Wanaoiripoti hadi leo humtaja mwenge, na usiku wa uhuru, Desemba 1961, mwenge ndio uliopelekwa kileleni. Neno lililobadilika katika kuripotiwa likawa alama ya taifa.

Januari 1962 alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaijenge TANU, na mwishoni mwa mwaka akawa Rais wa Jamhuri. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ilitoka mwaka 1963. Akaisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka huohuo. Katika ile ya kwanza, Antony anasimama mbele ya umati na kuripoti mara kwa mara tuhuma za Brutus dhidi ya Caesar. Hapingi waziwazi, anarudia tu kwamba Brutus ndiye asemaye hivyo, mpaka umati unaacha kumwamini Brutus. Mtafsiri wa sehemu hiyo hawezi kukichukulia kitenzi cha kusema kuwa ni pambo la sentensi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangazwa kwa Kiswahili. Tafsiri yake ya kwanza ya Kiingereza ilikuwa na utata, ikabidi itolewe nyingine iliyorekebishwa.

Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985 na kurudi Butiama, ambako aliendelea kulima na kuandika. Tenzi zake za Biblia zilichapishwa mwaka 1996. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Zoezi la usemi wa taarifa huonekana dogo: ondoa alama za mtajo, badili nafsi, rekebisha njeo. Kila hatua, hata hivyo, inamtaka anayeripoti aamue msemaji alidai nini, na alidai kwa uhakika kiasi gani. Msemaji mwenyewe mara nyingi hayupo tena kumsahihisha.