Habari za Nzinga, Malkia wa Ndongo na Matamba

Tunapowakumbuka Wakristo wa zamani wa bara letu, haifai kumsahau Nzinga, aliyezaliwa karibu na mwaka wa 1582 katika ufalme wa Ndongo, katika nchi iitwayo leo Angola.

Mwaka wa 1622 ndugu yake wa kiume, Mfalme Ngola Mbande, alikuwa amechoshwa na vita vya Wareno, waliojenga boma katika nchi yake na kuwachukua watu wake utumwani. Akamtuma Nzinga mjini Luanda kwa gavana João Correia de Sousa, atafute amani. Husimuliwa kwamba mfalme huyo ndiye aliyemwua mwana wa Nzinga ili asidai ufalme. Hata hivyo Nzinga alikwenda.

Alipoingia barazani aliona kiti kimoja tu, cha gavana. Yeye ametandikiwa chini. Basi akamwashiria mjakazi wake, naye akapiga magoti na kuinama, Nzinga akaketi juu ya mgongo wake, akasema na gavana uso kwa uso. Wengi humsifu kwa jambo hili. Sisi twamhurumia pia yule mjakazi. Gavana alitaka kodi. Nzinga akakataa, akaeleza ya kuwa kodi hutolewa na aliyeshindwa, na ndugu yake hakushindwa. Wakapatana bila kodi, na boma liondolewe. Kisha akabatizwa, akaitwa Ana de Sousa, na gavana akawa baba yake wa ubatizo.

Je, alibatizwa kwa imani au kwa ajili ya mapatano? Sisi tufundishao wakatekumeni twalijua swali hilo, wala hatuwezi kuupima moyo wake. Ila twajua ya kuwa boma halikuondolewa.

Mwaka wa 1624 mfalme akafa, Nzinga akashika utawala. Wareno wakamfukuza, naye akaiteka Matamba. Akaiacha dini, akafuata desturi kali za Waimbangala. Tena aliuza mateka, jambo tusiloweza kulificha. Waholanzi walipoitwaa Luanda mwaka wa 1641 alifanya urafiki nao, hata walipofukuzwa mwaka wa 1648.

Lakini mdogo wake Barbara alikuwa ametekwa na Wareno tangu mwaka wa 1646. Nzinga hakuchoka kupeleka wajumbe. Mwaka wa 1656 amani ikafanywa, Barbara akarudishwa, na malipo yake yalikuwa watumwa 130: ndugu mmoja kwa watu 130 wenye ndugu zao. Ndipo Padre Antonio da Gaeta, Mkapuchini, alipofika Matamba. Nzinga akamrudia Mungu, akajenga kanisa, na mwaka wa 1657 akafunga ndoa ya Kikristo, akiwa mzee wa miaka sabini na zaidi.

Alifariki tarehe 17 Desemba 1663, akazikwa amevikwa kanzu ya Wakapuchini. Barbara akatawala baada yake.