Denis Papin na Sufuria ya Mvuke

Denis Papin alizaliwa mwaka 1647 karibu na mji wa Blois, nchini Ufaransa. Alisomea uganga, lakini alivutiwa zaidi na nguvu ya mvuke.

Mnajua kwamba maji yaliyomo katika sufuria wazi huchemka yafikapo nyuzi 100 za Sentigredi. Hayapati joto zaidi ya hapo hata moto uchochewe namna gani, kwa kuwa joto linaloongezwa huyageuza kuwa mvuke. Mwaka 1679 Papin aliwaonyesha wanasayansi wa London sufuria nene yenye kifuniko kilichokazwa kwa skurubu. Mvuke, ukikosa pa kutokea, uliyakandamiza maji. Hivyo yakapata joto kali zaidi kabla ya kuchemka, na hata mifupa migumu ya ng'ombe ikalainika.

Lakini mvuke uliozuiliwa huweza kupasua chombo na kuua watu. Kwa hiyo Papin aliweka tundu dogo, akaliziba kwa kizibo kilichokandamizwa na wenzo wenye uzito mwishoni. Nguvu ya mvuke ilipozidi, kizibo kiliinuka, na mvuke ukatoka bila madhara.

Papin alifariki London mwaka 1713, akiwa fukara. Vizibo vya aina hiyo hutumika hadi leo katika mitambo ya mvuke.